Kijiko Si Tusi

Kuna sentensi moja ningependa ipigwe marufuku katika vyumba vya mazoezi vya hospitali zetu, Kibondo, Kasulu na popote penye zile kamba za kuvuta na vile vyuma viwili vya kushikia: "Jitahidi na mazoezi, utapona." Aliyevunjika mguu akiambiwa hivyo, sawa. Aliyeteguka bega kwa kuanguka na baiskeli iliyojaa mihogo, sawa. Lakini maneno hayo hayo huambiwa mzee mwenye Parkinson, mama ambaye baridi yabisi imekwisha kumpinda vidole, na mtoto ambaye misuli yake inasinyaa mwaka hadi mwaka. Hao hawatapona, na anayewaambia mara nyingi anajua. Uongo huo ni wa huruma, sibishi. Lakini unawanyima kitu ambacho bado wangeweza kuwa nacho.

Katika matangazo ya ajira za serikali kuna kada mbili ambazo wengi wetu huzichanganya. Mfiziotherapia hushughulika na mwili: msuli, kiungo, mwendo, pumzi. Mtoa tiba kwa vitendo hushughulika na siku nzima ya mtu: anavaaje shati, anafikaje chooni, anasongaje ugali, anawezaje kuendelea na kazi iliyompa jina mtaani. Chama cha kwanza cha taaluma hii ya pili kilianzishwa Clifton Springs, jimbo la New York, Machi 1917, na mmoja wa waanzilishi wake, George Barton, hakuwa daktari. Alikuwa msanifu majengo, mgonjwa, amekatwa sehemu ya mguu na kupooza upande mmoja. Naitaja habari hiyo kwa sababu watu hudhani tiba kwa vitendo ni pambo lililobuniwa na wataalamu wasio na kazi.

Baba yangu mkubwa anaishi Kibondo. Amekuwa fundi cherehani tangu ujana wake, na Parkinson ilimwanzia mkono wa kulia. Fiziotherapia aliipenda tangu siku ya kwanza. Alihesabu hatua zake, akarudi nyumbani ametoka jasho, akatusimulia kama mtu aliyetoka uwanjani. Siku moja, katika hospitali ambayo sitaitaja, alikutana na binti aliyekuwa mafunzoni katika tiba kwa vitendo. Binti alimwamkia vizuri, akamuuliza: "Mzee, kuna jambo gani la mikono unalotamani kulifanya na sasa halifanyiki?" Akamwonyesha kijiko chenye mpini mnene.

"Binti yangu," baba mkubwa akamjibu, "nimekuja kutibiwa. Kijiko nimeanza kushika baba yako hajazaliwa."

Hakurudi tena kwa yule binti. Kwa fiziotherapia alirudi kila wiki.

Najua wasomi wenzangu watasema nini hapa. Watasema wananchi hawana uelewa, tuandae semina, tuchapishe vipeperushi. Mimi nasema baba mkubwa alielewa kupita semina yoyote. Mazoezi yalimwambia: bado tunapigana. Kijiko kilimwambia: mkono huo haurudi. Na kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemketisha na kumwambia kwamba kweli haurudi, kijiko kilikuwa cha kwanza kumpa habari hiyo. Nani asingekasirika? Hukumu ya namna hiyo hutolewa na mtu mzima, ameketi, mlango umefungwa, mke au mtoto wa mgonjwa akiwa pembeni. Haitolewi na kijiko.

Ndiyo maana wagonjwa wengi wa maradhi yanayosonga huiona fiziotherapia kuwa ndiyo tiba, na tiba kwa vitendo kuwa kukatiwa tamaa. Tunawalaumu kwa mtazamo ambao sisi wenyewe tumewatengenezea.

Kuna hoja ya kujitetea ninayoisikia kila mara: ukimwambia mgonjwa ukweli utamuua kabla ya siku zake. Nenda ukalitazame daftari la vipimo la baba mkubwa. Kurasa za zamani, namba za kiuno na kifua zimekaa kubwa, zinasomeka ukiwa mlangoni. Kisha zinapungua ukurasa kwa ukurasa, mpaka zinakuwa kama sisimizi. Mwandiko kusinyaa ni dalili inayojulikana ya Parkinson, na yeye aliiona kabla ya daktari yeyote. Alianza kumtuma kijana wake apime wateja, akisema macho yamechoka. Alijua kitambo, ila alijua peke yake.

Tena huyo ana bahati ya kuwa na jina la ugonjwa. Utafiti uliofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ukachapishwa 2008, ulipita nyumba kwa nyumba kati ya watu zaidi ya 160,000 na kupata wagonjwa 33 wa Parkinson. Zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa wana ugonjwa gani. Hai ipo jirani kabisa na Moshi, ilipo KCMC, hospitali kubwa ambayo ndiyo pia inayofundisha fiziotherapia na tiba kwa vitendo. Ikiwa huko mambo yalikuwa hivyo, wa kwetu huku Kigoma, upande wa pili wa nchi, wangapi wanaitwa wazee tu, au wanasemwa wamerogwa?

Sasa niwe mkweli kuhusu upande wangu pia, maana tiba kwa vitendo si uchawi mwema. Uingereza walifanya jaribio kubwa, wagonjwa 762 wa Parkinson ambao hali zao zilikuwa bado za mwanzo na za kati, matokeo yakatoka 2016. Nusu walipewa fiziotherapia pamoja na tiba kwa vitendo, nusu hawakupewa, na shughuli zao za kila siku hazikutofautiana kwa kiasi cha maana. Wanaotaka kubana matumizi hulipenda sana jaribio hilo. Lakini wagonjwa wengi pale walionwa mara chache tu, vikao vinne hivi. Miaka miwili kabla, Uholanzi, wagonjwa 191 walihusika katika jaribio jingine. Waliopewa huduma walifuatwa nyumbani kwa wiki kumi, na wao wenyewe wakachagua shughuli wanazotaka kuziweza. Hao walijiona wanazifanya vizuri zaidi kuliko wenzao wasiofuatwa. Ugonjwa haukurudi nyuma hatua hata moja. Kilichobadilika ni yale waliyoyachagua.

Wa kwetu wangechagua nini? Sidhani kama wangetaja vifungo vya koti.

Shangazi yangu yupo Kasulu, mkulima wa maharage, mjane, mwenye baridi yabisi ya miaka mingi. Mazoezi ya magoti alifundishwa, anayafanya kila asubuhi na anasema yanamsaidia, nami namwamini. Tiba kwa vitendo hajawahi hata kuisikia. Lakini mpini wa jembe lake dogo ameuzungushia tyubu kuukuu ya baiskeli mpaka ukawa mnene, vidole vinaushika bila kukunjika sana. Mwiko nao vivyo hivyo. Hakuna aliyemfundisha. Ukimwuliza kinachomuuma kuliko yote, hatataja shamba. Atakwambia ni salamu: kuinama na kupiga viganja mbele ya mkubwa, kama alivyolelewa, na viganja havikutani tena.

Na kuna choo. Choo cha shimo, cha kuchuchumaa, nyuma ya nyumba. Kwa karibu miaka miwili shangazi alikuwa hanywi maji baada ya saa kumi jioni ili usiku asilazimike kutoka. Magoti yalikuwa hayamshushi, na yakimshusha hayampandishi. Katika miaka hiyo miwili alionana na wahudumu wa afya mara nyingi. Walimpima presha, wakamkanda magoti, wakamhesabia mazoezi. Hakuna aliyemuuliza anajisaidiaje. Swali hilo ni la tiba kwa vitendo, na halihitaji mashine wala umeme. Linahitaji mtu ambaye kazi yake ni kuliuliza bila kuona aibu.

Hatimaye alilijibu seremala wa jirani, kwa mbao: kiti chenye tundu katikati na mikono ya kushikia, kinachowekwa juu ya shimo. Maji ya jioni yamerudi.

Kwa hiyo nisiambiwe kwamba huduma hii ni anasa ya Ulaya isiyowezekana Kigoma. Maseremala tunao. Mafundi baiskeli wapo kila njia panda, na tyubu kuukuu haziishi. Lililobaki ni mtu anayeujua ugonjwa, awaunganishe hawa na mgonjwa, na daktari awe ametangulia kusema ukweli: ugonjwa huu utaendelea, dawa itapunguza ukakamavu na mtetemo lakini haitauzuia, mazoezi yatakusaidia kutembea, na mwenzangu huyu atakuja kwako kuona unaishije. Mgonjwa akiyasikia hayo kwa mpangilio huo, kijiko kinaweza kufika mezani bila kuwa tusi. Wala sisemi fiziotherapia ipunguzwe hata kidogo. Nataka iache kubebeshwa ahadi isiyo yake, maana siku hatua zinapoanza kupungua, na zitapungua, mgonjwa hujiona yeye ndiye mvivu. Baba mkubwa amekwisha kuanza kutuomba msamaha kwa kutofanya mazoezi ya kutosha.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023. Wanaopanga kipi kilipwe na kipi kisilipwe naomba waweke mezani, pamoja na vidonge na picha za eksirei, kiti cha mbao chenye tundu katikati na nauli ya mtaalamu kufika kijijini. Kiti cha shangazi kinahitaji kutengenezwa upya. Mchwa wameanza kula mguu mmoja, na mvua zinakuja.