Si Mkono Ulio Dhaifu

Kuna kauli ninayoisikia kila msimu wa michezo ya shule hapa Tukuyu, nami siikubali hata kidogo. Kijana akirusha mkuki kisha akashika kiwiko kwa maumivu, mwalimu wake husema, "Huyu mkono wake dhaifu," na kumwita mwingine.

Mkono haurushi peke yake. Nguvu huanzia ardhini, ikapanda kwa miguu, nyonga, kiuno na bega. Kiwiko hupokea karibu na mwisho. Nyonga ikichelewa, mkono hulipa deni la mwili mzima, na anayeumia hasa ni ile kano ya upande wa ndani wa kiwiko. Mtazame mtoto wa Makandana anayetungua parachichi kwa jiwe: hugeuka ubavu, hupiga hatua, ndipo hurusha. Nani alimfundisha? Sisi wasomi twamsimamisha wima mstarini na kumwamrisha, "Tupa kwa nguvu!"

Watu wa besiboli walijifunza haya kwa gharama. Mwaka 1974 Mmarekani Tommy John alikatika kano hiyo; daktari Frank Jobe akampandikizia nyingine iliyotolewa mkono wa pili, naye akarudi uwanjani mwaka 1976. Lakini mimi nasifu zaidi hesabu yao kuliko kisu chao. Little League, ligi ya watoto ambayo vijana wa Lugazi, Uganda, walicheza fainali zake za dunia mwaka 2012, humruhusu mtoto wa miaka 11 au 12 kurusha mipira 85 tu kwa siku, na akizidisha 65 hupumzika siku nne. Japani nayo, mwaka 2020, iliwawekea wanafunzi wa sekondari kikomo cha mipira 500 kwa wiki.

Huku kwetu nani anahesabu? Uteuzi wa UMISSETA ukikaribia, kijana ambaye hakuushika mkuki tangu mwaka jana hurushishwa asubuhi na jioni mpaka giza liingie.

Wataniambia hatuna makocha. Julius Yego wa Kenya alijifunza kwa kutazama video kwenye intaneti, na mwaka 2015 kule Beijing akawa bingwa wa dunia kwa mita 92.72. Na kuhesabu kunahitaji kipande cha chaki tu!

Basi wakufunzi wa vyuo vya ualimu wamfundishe kila mwalimu mtarajiwa kutazama nyonga ya mrushaji kabla ya kutazama mkuki ulipoangukia, na kuandika marusho ya kila siku. Kijana akishika kiwiko, apumzishwe siku hiyohiyo, hata kama kesho ni fainali.