Motokaa ya Kigeni na Motokaa ya Kwetu

Wako watu hapa Bariadi wasemao kwamba motokaa ya Kijapani ni bora kwa asili yake, na ya kwetu ni dhaifu kwa asili yake. Neno hili ni la kukanushwa. Ubora hauzaliwi pamoja na chuma. Huja kwa kuunda, kushindwa, na kuunda tena. Mwaka 1957 Toyota ilipeleka Marekani motokaa iitwayo Toyopet Crown. Ikashindwa na mwendo wa barabara kuu za huko, na mwaka 1960 ikaacha kupelekwa. Wajapani hawakukata tamaa; mwaka 1965 walirudi na Corona iliyo imara zaidi. Sisi je? Nyayo Pioneer ya Kenya ilionyeshwa mwaka 1990. Zikaundwa chache, mradi ukafa kwa kukosa fedha. Lori la Nyumbu, la Kibaha, halikuundwa kwa wingi. Mtoto aliyeachishwa ziwa kabla ya wakati hapimwi nguvu na mtu mzima. Anunuaye ya kigeni hana kosa: mchukuzi wa pamba hahitaji uzalendo unaozimika njiani. Mwenye kosa ni yule ageuzaye upungufu wa fedha na subira kuwa upungufu wa akili.