Tuige Uwanja, Tusiige Uzio

Wako wenzetu wachache wenye nafasi ambao, wapatapo likizo, hukusanyana na rafiki zao wakafunga safari kwenda nchi za nje kucheza gofu. Hawaendi kusoma wala kufanya biashara. Huenda kuzuru viwanja mashuhuri, kimoja baada ya kingine, kama watu waendavyo kuzuru makaburi ya mawalii. Huanzia Nairobi, katika viwanja vya Royal Nairobi na Muthaiga. Wenye uwezo zaidi hufika Scotland, wakacheza Carnoustie na St Andrews. Habari zao zikifika huku kwetu Michenga, jirani na Ifakara, wasikilizaji hugawanyika. Wazee husema: huo ni utumwa. Vijana husema: hayo ndiyo maendeleo. Mimi nasema kwamba pande zote mbili zimekosea, na kosa lao laweza kutugharimu ardhi tunayoikanyaga.

Nianze na wazee wangu, ambao silaha yao ni methali isemayo mwacha asili ni mtumwa. Methali hiyo ni ya kweli. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisikitika kwamba wengi wetu tulijua kucheza rumba, wala hatukupata hata kulisikia gombe sugu. Lakini katika hotuba hiyo hiyo alionya kwamba taifa linalokataa kujifunza kwa wengine ni taifa la wajinga. Mpira wa miguu nao uliletwa na wageni. Leo ni nani atakayethubutu kumwambia kijana wa Mang'ula kwamba si wake? Mchezo hauwi mgeni kwa sababu ya mahali ulikozaliwa. Huwa mgeni pale wananchi wanapozuiwa kuucheza.

Sasa niwageukie vijana. Katika lugha yetu neno gofu ni la zamani kuliko mchezo huo: gofu ni jengo lililobaki kuta tupu, kama magofu ya Kilwa. Basi na tujihadhari tusiupokee mchezo kwa namna itakayotuachia gofu la utamaduni. Enzi ya ukoloni klabu za gofu katika Afrika Mashariki zilikuwa za Wazungu; Mwafrika aliingia humo kukata majani, kuhudumu mezani na kubeba mifuko ya fimbo. Royal Nairobi ilianzishwa mwaka 1906. Mipaka yake leo inapakana na Kibera: upande huu majani mabichi yaliyokatwa vizuri, upande ule mabati yaliyobanana hata mtoto hana pa kurushia mpira. Bendera ya mkoloni iliteremshwa, uzio ukabaki. Ni kweli kwamba rangi ya ngozi haiulizwi tena langoni. Sasa panaulizwa ada, na maskini hubaki nje vile vile. Mwenye kuuona uzio huo akauita maendeleo bado hajapona kasumba.

Lakini huko huko ulikotoka mchezo, mambo ni mengine. Gofu ya Scotland ilikuwa mchezo wa watu wengi kiasi kwamba mwaka 1457 Bunge la Mfalme James wa Pili liliipiga marufuku, pamoja na mpira wa miguu, kwa kuwa watu waliacha mazoezi ya upinde na mshale. Mwaka 1552 hati ya askofu mkuu ilithibitisha haki ya wenyeji wa St Andrews kucheza katika nyasi zile za pwani. Mwishoni mwa karne ya 18 halmashauri ya mji, ikiwa imeelemewa na madeni, iliiachia ardhi hiyo, ikaingia mikononi mwa wafuga sungura wa biashara. Wenyeji hawakunyamaza, walishindana na wafugaji hao kwa miaka mingi, na mwaka 1894 mji uliirejesha ardhi yake kwa sheria ya Bunge. Hata leo uwanja ule mkongwe, unaotukuzwa na wachezaji wa dunia nzima, si mali ya klabu yoyote. Jumapili kwa desturi hauchezwi: wazee, watoto na hata mbwa hutembea juu yake wapendavyo.

Hilo ndilo jambo la kuletwa nyumbani kutoka safari ya gofu. Msafiri hurudi na kofia, picha na kadi ya alama zake. Sheria ya uwanja wa wote huiacha huko. Ameona mti, hakuona mzizi.

Na sisi tunaihitaji sheria hiyo kuliko fimbo. Katika bonde letu la Kilombero ardhi inagombaniwa na mkulima wa mpunga, mfugaji, mwenye shamba la miwa na mpima viwanja vya nyumba. Katika mgogoro wa namna hiyo, mahali pa kuchezea ndipo panapoliwa kwanza, kwa sababu huitwa ardhi tupu. Tupu kwa nani? Hapo ndipo ngoma huchezwa, hapo watoto hukimbia, hapo chini ya mwembe wazee hucheza bao lenye mashimo 32 na kete 64, bila ada wala mlinzi. Pakiuzwa hapo, tutabaki na semina za utamaduni na utamaduni wenyewe hauna pa kukaa.

Sheria tunayo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakiruhusu kijiji kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja, kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Kwa hiyo, walimu, wafundisheni wanafunzi kuupima uwanja wa shule na wa kijiji, kuuchora, na kuuliza kama umeandikwa. Vijana, hudhurieni mkutano wa kijiji siku suala la ardhi litakapojadiliwa, msiwaachie wenye kamba za kupimia. Uwanja usioandikwa una mnunuzi tayari. Ukiisha kuwa salama, chezeni humo mpendacho: mpira, ngoma, bao, na mkipenda, hata gofu.