Deni la Sikio

Imekuwa desturi ya watu wengi kusema kwamba kuimba ni kazi na kusikiliza ni mapumziko. Mwimbaji, husemwa, hutoka jasho. Msikilizaji hukaa kitini akangoja kufurahishwa, kama mtoto angojaye kulishwa. Insha hii imeandikwa kuupinga usemi huo. Nia yangu ni kuonyesha kwamba kuisikiliza kwaya inayoimba mbele yetu ni kazi yenye heshima, kwamba kazi hiyo ina wajibu wake, na kwamba asiyeutimiza wajibu huo hula jasho la wenziwe bila malipo, hata kama alinunua tikiti mlangoni.

Neno hili sikulitoa vitabuni. Mwaka fulani nilialikwa katika ukumbi wa shule moja kusikiliza kwaya ya vijana waliojifunza nyimbo tatu za mabingwa wa kale wa Ulaya. Nilikuwa nikikaa karibu na shule ile, na tangu mwanzo wa muhula niliwasikia kila jioni baada ya michezo: sauti za besi zikirudia kifungu kimoja mara kumi, mara ishirini, mpaka kuku wakaingia vizimbani. Siku ya siku ikafika, na ukumbi ukajaa. Nyuma yangu mabwana wawili walizungumza bei ya viwanja tangu wimbo wa kwanza hata wa mwisho. Mbele yangu watu waliinua simu zao mithili ya ngao, hata sisi tuliokaa nyuma tukaiona kwaya ndogo ndani ya vioo badala ya kwaya kubwa iliyosimama jukwaani. Wimbo wa pili ulikuwa wa taratibu. Ulipofika pale sauti zinapopungua hadi kuwa kama pumzi ya mtu aliyelala, mgeni mmoja mkubwa aliyechelewa akaingia. Watu wakainuka, viti vikalia, salamu zikapitishwa, na kifungu kile kikapotea. Mwisho makofi yalipigwa kwa nguvu nyingi. Baadaye nilimpongeza msichana mmoja wa sauti ya alto. Alinishukuru kwa adabu, kisha akasema, "Mwalimu, wametupigia makofi, lakini sidhani kama wametusikia."

Siku ile sikuwa na jibu. Nalitoa leo.

Wapinzani wangu wa kwanza ni wale wasemao kwamba siku hizi hakuna haja ya kuhangaika. Kila utungo mkubwa, wanasema, umekwisha kunaswa na mashine; kijana anaweza kuubeba mfukoni na kuusikiliza kitandani, ukiimbwa na kwaya zilizo bora kuliko zote duniani. Kwa nini basi aketi kwenye kiti kigumu kusikiliza kwaya ya mtaani kwao? Siidharau mashine. Imewafikishia muziki wagonjwa, wakaao mbali na miji, na wanafunzi wasio na nauli. Lakini picha ya sufuria ya wali haijapata kumshibisha mtu. Wimbo ulionaswa aghalabu hukatwa na kuunganishwa: palipokosewa huimbwa tena, na kosa hutupwa. Kwaya iliyo mbele yako haina msaada huo. Sauti ya tena ikichelewa kuingia, imechelewa. Hakuna wa kuirudisha nyuma. Kila ubeti ni daraja linalovukwa mara moja tu, na msikilizaji ni shahidi wa ushujaa huo. Tena ziko tungo ambazo mashine ndogo haiwezi kuzibeba zote. Yapata mwaka 1570, Mwingereza Thomas Tallis alitunga wimbo wa sauti arobaini, kila sauti ikiwa na njia yake, zimegawanywa katika kwaya nane za watu watano watano. Katika kanisa la San Marco mjini Venice, Giovanni Gabrieli aliwapanga waimbaji na wapigaji mbali mbali, kundi likiitika kundi kutoka pande tofauti za jengo. Tungo za namna hiyo zilitungwa kwa ajili ya kuta, nguzo na nafasi iliyo baina ya watu. Ukizisikiliza katika tundu moja la simu umesikia habari za nyumba, hujaingia ndani.

Tazama jambo jingine ambalo wapinzani hawa hawalifikiri. Waimbaji wa kwaya njema hawavuti pumzi wote kwa wakati mmoja. Katika kifungu kirefu hupokezana: huyu akivuta pumzi, jirani yake hushikilia, hata sauti ikaenda bila kukatika kama maji ya mto. Ni ushirika ambao mtu mmoja, hata awe bingwa wa mabingwa, hawezi kuufanya peke yake. Na sauti yao ya chini kabisa, ile nyembamba kama uzi, haiwezi kufika kiti cha nyuma ila kwa hisani ya watu waliokaa viti vya mbele. Wao wakinyamaza, uzi unapita, wakinong'ona, unakatika. Kwa hiyo ukimya wa hadhira si kitu kitupu, bali ni sauti ya tano ya kwaya, juu ya soprano, alto, tena na besi, na mwenye kuiharibu ameimba vibaya kama yeyote aliyekosea jukwaani.

Wapinzani wangu wa pili huja na hoja ya uzalendo. Husema: nyimbo hizi ni za Wazungu, zilitungwa na wafu wa nchi za baridi, sisi tuna ngoma zetu. Hoja hii ina nusu ya kweli, na nusu ya kweli ni hatari kuliko uongo mzima. Ni kweli tunazo ngoma zetu, na aibu ni ya yule azionaye duni. Lakini kitu hakibaki cha mgeni milele kwa sababu kilizaliwa mbali. Mahindi yalitoka bara la Amerika, wala sijamwona mzalendo aliyeisukuma sahani ya ugali kwa sababu hiyo. Wimbo wa taifa letu lahani yake ilitoka katika wimbo wa Wapokomo wa kumbembelezea mtoto. Mwaka 1963 wanamuziki watano waliutengeneza uwe wimbo wa taifa, na kwaya zetu huuimba kwa sauti nne zinazokwenda pamoja. Mto Tana na Ulaya vimekutana ndani ya wimbo tunaousimamia kwa heshima. Mwaka 1958, huko Kamina katika Kongo, padre Mbelgiji Guido Haazen na kwaya yake ya vijana wa Kiafrika walitoa Misa ya Kilatini kwa mitindo ya kuimba ya Kikongo, ikaitwa Missa Luba. Na baadaye kwaya ya Kenya, Muungano National Choir, ikaiimba na kuinasa. Je, mali hiyo ni ya nani? Ni ya aliyejifunza kuiimba, na ya aliyejifunza kuisikiliza.

Wapinzani wa tatu ni wanyenyekevu, nami nawahurumia. Husema: "Sisi hatukusoma muziki, hatuelewi." Hawa wamedanganywa na wenye majivuno, waliofanya elimu yao ukuta badala ya mlango. Mtu hahitaji kujua kusoma nota ili asikilize, kama asivyohitaji kujua kufinyanga ili anywe maji ya mtungini. Ahitaji kuangalia tu. Chagua sauti moja, tuseme besi, uifuate kama mtu afuataye nyayo za mnyama mbugani. Utasikia sauti nyingine ikianza maneno yale yale aliyoyaacha mwenziwe, kisha ya tatu, kisha ya nne, kila moja ikimfukuza iliyotangulia bila kumkanyaga. Ulidhani ni kelele ya watu wengi; kumbe ni mazungumzo, na kila msemaji ana zamu yake. Aliyeligundua hilo mara moja kwa masikio yake mwenyewe hatasema tena kwamba haelewi.

Hapa nataka nisieleweke vibaya. Siwatetei wale wanaokunja uso mtu akipiga makofi mahali pasipo desturi, kana kwamba muziki ni maziko. Mwaka 1778 Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris kwamba watu walipiga makofi katikati ya simfonia yake, naye alikuwa ameyatazamia na akafurahi. Ukimya wa unafiki si bora kuliko kelele. Wala mila zetu hazikumfundisha msikilizaji kuwa gogo. Katika ngoma anayepiga vigelegele anajua mahali pake. Huvipiga pale wimbo unapoviomba. Katika taarabu ya pwani msikilizaji huinuka akamtunza mwimbaji fedha pale shairi linapomgusa moyo. Hawezi kufanya hivyo ila ameyasikia maneno na kuyapima. Na utenzi wa beti mia husomwa mbele ya wazee waliokaa mkekani, na msomaji akikosea kina, kichwa kimoja hutikisika. Hao walikuwa wasikilizaji. Kwa hiyo asinijie mtu akaniambia ati kuongea juu ya waimbaji ni Uafrika. Huo ni utovu wa adabu, na utovu wa adabu hauna kabila.

Ipo hadithi isemayo kwamba mfalme George wa Pili wa Uingereza alisimama kwaya ilipoimba Haleluya ya Handel, na kwa sababu hiyo watu husimama mpaka leo. Habari hiyo iliandikwa miaka mingi baadaye, na haina shahidi wa wakati ule. Lakini hata ingekuwa kweli, nasema kusimama ni rahisi. Nimewaona watu waliosinzia saa nzima wakaruka juu Haleluya ilipoanza, kisha wakaketi wakasinzia tena, wakijiona wametimiza haki yote. Mfano ulio bora ni wa wasikilizaji wa kwanza wa utungo huo huo. Handel aliutunga Messiah mwaka 1741 kwa muda wa siku ishirini na nne hivi, na ukaimbwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Kabla ya siku hiyo mabibi waliombwa kwa matangazo wasivae magauni yaliyotanuliwa kwa pete, na mabwana wasije na panga zao, ili watu wengi zaidi wapate nafasi. Wakapunguza fahari yao, wakasongamana, wakasikiliza. Fedha zilizopatikana zilisaidia hospitali, na wafungwa 142 wa madeni wakafunguliwa. Wale waliacha nyumbani panga na pete; sisi tunaombwa kuzima simu kwa saa moja, nasi twaona tumeonewa!

Tena kumbuka Vienna, tarehe 7 Mei 1824. Simfonia ya Tisa ya Beethoven, ambayo kwaya huimba katika sehemu yake ya mwisho, ilisikiwa na watu kwa mara ya kwanza. Mtungaji mwenyewe alikuwa jukwaani, lakini alikuwa kiziwi. Watu walishangilia, naye hakujua, mpaka mwimbaji Caroline Unger alipomgeuza ayaone kwa macho makofi asiyoyasikia. Mtu huyo alitoa kwa ajili ya masikio ya wengine kile ambacho yake mwenyewe yamenyimwa. Nasi tuliojaliwa masikio mawili mazima twayatumia kusikilizia bei ya viwanja.

Labda mtu ataniuliza: hasara iko wapi? Hasara ni kubwa, na mwenye kuipata kwanza ni mwimbaji. Kwaya hufundishwa na walimu wawili, mmoja ni yule anayeinua mikono mbele yake, na wa pili ni hadhira. Waimbaji wakiona kwamba kifungu cha taratibu hakisikilizwi na kelele ya mwisho ndiyo hupigiwa makofi, mwaka ujao watachagua kelele tangu mwanzo hata mwisho. Hivyo ndivyo nyimbo nzuri zinavyokufa bila kuuawa na mtu. Johann Sebastian Bach aliaga dunia mwaka 1750, na utungo wake mkubwa wa Mateso kwa Injili ya Mathayo ukalala kwenye karatasi, usijulikane na wengi, mpaka mwaka 1829, Mendelssohn, kijana wa miaka ishirini, alipouongoza Berlin mbele ya watu. Karatasi iliutunza, lakini karatasi haikuweza kuupa uhai. Uhai ulirudi siku ile palipokuwa na vinywa vya kuuimba na masikio ya kuupokea.

Msomaji kijana, huenda mwaka huu kwaya ya shule yako itaimba, nawe hutakuwa miongoni mwa waimbaji. Usidhani huna kazi. Fika mapema. Yasome maneno ya wimbo kabla haujaanza, kwa maana sikio lililotayarishwa husikia mara mbili. Simu yako ilale. Chagua sauti moja uifuate, kisha nyingine. Wimbo ukiisha usiharakishe. Ngoja mkono wa mwongozaji ushuke, maana sauti ya mwisho bado inatembea ukutani. Ndipo upige makofi kwa moyo wako wote.

Kisha ukikutana na mmoja wao njiani usimwambie kwamba mliimba vizuri, kwa kuwa hilo hata aliyelala husema. Mtajie mahali. Mwambie, "Pale alto zilipobaki peke yao, nilisikia." Atajua kwamba jioni zote zile hazikupotea, na deni lako litakuwa limelipwa.