AFYA NYUMBANI: Kiti cha Mwalimu

Mwezi huu twataka kunena habari ya kiti.

Mwalimu mmoja wa hapa Tengeru alikuwa akishuka kila asubuhi kwa miguu kutoka migombani, na jioni hulima. Alipopewa kazi ya ofisini mjini Arusha, alikwenda kwa pikipiki, akakaa mezani mchana kutwa, na jioni akakaa tena barazani. Miaka michache ikapita, suruali zikambana, na kilima cha kwao kikamshinda. Watu wakamsifu, wakisema, "Mwalimu, umenawiri!" Lakini daktari alipompima, aliona shinikizo la damu limepanda.

Je, kukaa ni kosa? Hapana. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi walichunguzwa, na habari zao zikachapwa mwaka 2020. Walionekana kupumzika kiasi cha saa 10 kwa siku, na bado mioyo yao ni mizima. Lakini wao huchuchumaa na kupiga magoti, na misuli ya miguu hufanya kazi. Tena wakiinuka, huenda mbali kutafuta asali, mizizi na nyama. Kiti chetu hutubeba kama mtoto mchanga.

Kadhalika mwaka 1953 Daktari Jerry Morris alitangaza habari za watu wa mabasi ya London. Makondakta, waliopanda na kushuka ngazi za basi la ghorofa, walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa.

Walakini tusijidanganye. Uchunguzi wa mwaka 2012 ulionyesha ya kuwa Wahadzabe, kwa kadiri ya miili yao, hawatumii nguvu nyingi kwa siku kupita watu wa Marekani. Basi atakaye kupunguza unene na aangalie kwanza sahani yake, na sukari ya chai. Atakaye moyo wenye nguvu na atumie miguu.

Shirika la Afya Duniani lashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka, walau dakika 150 kwa juma, yaani nusu saa kwa siku 5. Mwalimu na afundishe akiwa amesimama. Karani na ainuke mezani mara kwa mara. Na siku ya soko twende kwa miguu.

Mwalimu wetu sasa hushuka garini kabla ya kufika kwake, na Jumamosi huzunguka Ziwa Duluti pamoja na wanawe. Suruali zingali zikibana kidogo, lakini kile kilima amekishinda.