Kichina cha mwanao kisiishie kwenye cheti

Mama mmoja wa Kisarawe ameniuliza swali ambalo wazazi wengi watalitambua. Binti yake alisoma Kichina sekondari, amemaliza kidato cha nne na sasa yuko nyumbani akisubiri matokeo. Kila wiki anasahau alama kadhaa za maandishi. Je, amnunulie kitabu cha mazoezi?

Jibu langu: mtafutie hadithi.

Kwa Kiswahili, ukijua kulitamka neno unaweza kuliandika. Kichina hakiko hivyo. Maneno yake huandikwa kwa alama, na sauti pekee haikuambii uandike alama ipi. Ndiyo maana kijana anaweza kupiga soga na mafundi Wachina kule Kwala, Kibaha, lakini akashindwa kusoma tangazo lililobandikwa mlangoni. Mazungumzo hulinda ulimi. Alama zinataka macho yanayokutana nazo mara kwa mara.

Hadithi hufanya kazi hiyo bila kumchosha mtoto. Anataka kujua mwizi ni nani, na katika kumtafuta anakutana na neno lilelile mara kumi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi za Kiingereza katika shule za vijijini Fiji, ambako Kiingereza ni lugha ya pili. Baada ya miezi minane, uwezo wa watoto kuelewa wanachosoma na kusikia ulikua kwa kasi mara mbili ya kawaida.

Kazi iko kwenye kuchagua. Usimpe riwaya ya Mo Yan kwa sababu tu mwandishi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2012. Ataiweka kando siku hiyohiyo. Tafuta hadithi zilizopangwa kwa viwango. Mfululizo wa Chinese Breeze, kwa mfano, huanza na msamiati wa maneno 300 tu. Asome ukurasa mmoja: akikwama kwenye zaidi ya maneno matano kati ya mia, kitabu hicho kingoje kwanza. Pa kuulizia ni Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2013.

Dakika 15 kwa siku zinatosha, mradi ziwe kila siku. Akisomea kwenye simu, akuze maandishi, maana alama za Kichina zina mistari mingi midogo, na apumzishe macho kwa kutazama mbali.

Wewe usiyejua Kichina una kazi pia. Usimpe mtihani wala usimhesabie kurasa. Jioni mwombe akusimulie kwa Kiswahili alikofika. Siku atakapoanza kusimulia kabla hujamwomba, mtafutie kitabu cha pili.