Kicheko Nacho Kina Haki ya Kuingia Darasani

Muulize mwanafunzi yeyote wa kitivo chetu akutajie bingwa wa vichekesho, atakujibu: Molière. Mwingine ataongeza Shakespeare. Sina ugomvi na wakubwa hao. Lakini mwulize tena: na kwa Kiswahili je? Hapo kimya kinaingia. Si kwamba vichekesho vya Kiswahili havipo. Redio na televisheni zimevirusha miaka mingi, na wazazi wetu wamevicheka hadi machozi. Kinachokosekana ni nafasi yake katika masomo yetu.

Mfano wa kwanza uko hapahapa Kongo. Lubumbashi ilikuwa na kundi la Mufwankolo, lililoitwa kwa jina la mhusika wake mkuu. Waigizaji wale hawakukariri maneno kutoka kwenye daftari. Walikubaliana juu ya kisa, wakagawana nafasi, kisha kila mmoja akajitafutia maneno papo hapo, kwa Kiswahili cha Katanga, na Kifaransa ndani yake kama chumvi katika mboga. Mwaka 1986, Mobutu akiwa bado madarakani na chama kikiwa kimoja, mtafiti Johannes Fabian aliwauliza maana ya msemo aliousikia kule: madaraka huliwa mazima. Wakaujadili, wakabishana, wakautungia mchezo ambao televisheni ilikuja kuurekodi katika kijiji cha Kawama. Sidai kwamba mchezo ule ulimtikisa mkubwa yeyote. Nasema tu kwamba swali zito la wakati ule, la nani ale na nani atazame, lilijadiliwa na wachekeshaji, kwa lugha ya sokoni.

Fabian aliyanakili mazoezi na mchezo wenyewe, akavitoa mwaka 1990 katika kitabu chake Power and Performance. Tumshukuru. Lakini hapo ndipo panaponiuma. Mwanafunzi wa Kisangani anayetaka kujua jinsi Wakongo walivyochekesha kwa Kiswahili anatumwa kwenye kitabu cha Kiingereza, kilichochapwa Wisconsin, cha profesa wa Amsterdam. Kazi ile ilitungojea sisi, na sisi hatukwenda.

Majirani zetu nao wana hazina. Redio Tanzania ilikuwa na Pwagu na Pwaguzi, kipindi ambacho jina lake peke yake ni somo: limetoka kwenye methali ya mwizi anayekutana na mwizi aliyemzidi. Kenya ina Vioja Mahakamani, ambapo kicheko kinazaliwa pale lugha ya sheria inapogongana na lugha ya mshtakiwa. Hakimu anauliza swali la kitabu, mshtakiwa anajibu kwa mantiki ya kijiweni, na ukisikiliza vizuri unagundua kwamba wote wawili wanasema kweli. Mwalimu wa isimu-jamii angetafuta mfano gani bora kuliko huo wa kueleza rejista?

Kuna pia Vitimbi, na Mzee Ojwang wake. Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu, lakini alimwigiza mzee Mjaluo kwa lafudhi iliyokubalika nchi nzima. Najua pingamizi hapa: kuiga lafudhi ya kabila jingine kunaweza kuwa dharau. Ni kweli, kunaweza. Sisi wa Tshopo tunajua jinsi Kingwana chetu, chenye Lingala pembeni, kinavyochekwa kikifika kwa watu wa pwani. Lakini swali la lini lafudhi inachekesha na lini inatukana ndilo swali la kitivo cha lugha. Tukilikimbia, atalijibu nani?

Pingamizi la pili hulisikia mara nyingi: vichekesho hivi vina Kiswahili kibovu, tena havina maandishi. Kuhusu ubovu, nauliza: tunafundishwa kuchunguza lugha kama ilivyo, au kama tunavyotamani iwe? Mtu anayepanda toleka kutoka Mangobo hadi Makiso atasikia Kiswahili, Lingala na Kifaransa katika sentensi moja, na dereva wake haoni ajabu yoyote. Wachekeshaji wameishika lugha hiyo. Sarufi zetu bado. Kuhusu maandishi, Molière mwenyewe alikuwa mwigizaji na kiongozi wa kundi. Michezo yake ilichekwa ukumbini kwanza, na leo tunaisoma kwa sababu kuna waliojali kuichapa.

Kuchapa, au angalau kuhifadhi, ndiyo hoja yangu. Hata penye mali, uzembe huharibu. BBC ya Uingereza ilifuta kanda nyingi za vichekesho vyake katika miaka ya 1960 na 1970, kwa kuwa kanda zilikuwa ghali na hakuna aliyedhani kicheko cha jana kingetakiwa kesho. Dad's Army, kipindi kinachopendwa sana kule, kilipoteza vipande vya mwaka 1969. Viwili vilipatikana mwaka 2001, na vitatu havijaonekana hadi leo. Ikiwa shirika lenye fedha vile lilijipokonya urithi wake, kaseti zilizowekwa katika unyevu wa mto Kongo zitadumu miaka mingapi?

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalongoja bajeti ya wizara. Kwanza, kazi za mwisho wa masomo juu ya vichekesho vya redio zikubaliwe bila mwanafunzi kuulizwa kama anatania. Pili, kila darasa la isimu linakili kwa maandishi kipindi kimoja kwa mwaka. Wanafunzi ishirini wakigawana dakika sitini, kila mmoja ana dakika tatu tu. Tatu, kitivo kiende kwenye vituo vya redio vya mji huu na kuomba nakala za zamani kabla hazijafutwa au kuliwa na ukungu.

Waigizaji waliozeeka bado wanaweza kutueleza walivyotunga, nani aliwakataza nini, na kwa nini neno fulani liliwachekesha watu wa Kabondo na kuwanunisha wa Lubunga. Wakiondoka, kanda peke yake haitatueleza. Molière atatungojea maktabani, hao hawatatungojea.